Koo la Farasi wa Kibingo

Juzi kijana aliyeshika nafasi yangu alikuja hapa nyumbani Igurwa kuniuliza ng'ombe wa Karagwe wanataka nini. Nikamwambia wanataka majani, kama ng'ombe wa kila mahali. Akacheka, lakini niliona hakuridhika, na haki yake. Mtu aliyeitumikia mifugo tangu ujana hadi mvi hawezi kumjibu mwenzake neno moja kisha akamrudisha njiani na jua lile. Basi nimekaa kuandika. Vyeo sitavitaja, mishahara ndiyo kabisa. Mwenye kutaka utajiri hakujiunga na idara ya mifugo. Nitaandika mambo ya mikono, na zaidi nitaandika habari za farasi mmoja, ingawa umri wangu wote umeishia katikati ya ng'ombe.

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano, nilishika mapafu. Ilikuwa machinjioni Bukoba, nami nimevaa kaptula mpya niliyoipiga pasi ya mkaa alfajiri ile ili nionekane mtu wa serikali. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Ishengoma, Mhaya wa Muleba, Mlutheri wa kufunga kila kifungo cha shati hata jua likiwaka. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa mapafu ya ng'ombe yaliyotoka kukatwa wakati ule, koo la pumzi likining'inia, akasema, "Puliza."

"Nipulize nini, mzee?"

"Hewa. Au umekuja na kitu kingine?"

Nikapuliza. Mapafu yakaumuka kama unga wa maandazi, damu ikanirukia kwenye kaptula, na wachinjaji wakacheka hadi wakashikana mabega. Mzee Ishengoma hakucheka. Alisema, "Leo umejua hewa inapita wapi. Kesho utajua chakula kinapita wapi. Wako watu waliowaua ng'ombe wazima kwa kuwamiminia dawa katika njia ya leo."

Vijana, hilo bado linatokea, na linatokea kwa watu wenye vyeti. Njia hizo mbili ni majirani wa ukuta mmoja. Koo la pumzi liko mbele, chini ya ngozi ya shingo, na ukilishika unahisi pete za gegedu moja chini ya nyingine, kutoka kwenye kongomeo hadi linapozama kifuani. Pete hizo ndizo zinazolizuia lisibonyee mnyama anapovuta hewa. Umio uko nyuma yake, umeegemea kushoto kidogo, laini, umelala bapa mpaka tonge lipite. Ukimwinua ng'ombe kichwa mno huku unamnywesha, umemfungulia mlango usio wake.

Neno la Mzee Ishengoma lilikuwa moja: mkono kwanza, chuma baadaye. Kabla ya kuturuhusu kushika kisu alitufundisha kupima koo la mnyama aliye hai bila kumtoa hata tone la damu. Unaweka kidole gumba upande mmoja wa koo na cha shahada upande wa pili, unabana mpaka pete zikukatalie, kisha unauchukua upana ule kwa bikari. Lakini hapo umepima na ngozi pia. Kwa hiyo unaivuta ngozi ya papo hapo, unaikunja, unaupima ule mkunjo, na kuutoa katika hesabu. Mkunjo una ngozi mbili, na kipimo chako nacho kilikuwa na ngozi mbili, huku na huku. Ni jambo dogo namna hiyo, nami nimekutana na mabwana wakubwa wanaokisia tu.

Vipimo vyake alivihifadhi katika uzi. Ulikuwa uzi wa kushonea magunia ya kahawa, umepakwa nta, una mafundo: hadi hapa ndama, hadi hapa jike, hadi hapa fahali. Alisema karatasi hulowa na kichwa husahau, lakini uzi hauna maoni yake.

Fundo la mwisho alilifunga mbele yangu. Afisa mmoja mgeni alifiwa na farasi wake pale Bukoba, kwa ule ugonjwa unaowatoa povu puani, akaomba mnyama apasuliwe ajue kilichomuua. Tulipomaliza, Mzee Ishengoma alikata kipande cha koo la pumzi, akakiweka juu ya jani la mgomba, pembeni yake akaweka kipande cha koo la ng'ombe. Akatuuliza wanafunzi wake, "Lipi la nani?"

Sote, kwa sauti moja kama kwaya, tulisema lile kubwa ni la ng'ombe.

"Mmepotea nyote. Tazameni."

Koo la ng'ombe lilikuwa jembamba, limebanwa pande mbili, na pete zake zilikutana kwa nyuma zikafanya kigongo. La farasi lilikuwa pana, limelala kidogo, ncha za pete zikipandana nyuma kama koti lisilofungwa vifungo. Mwenzangu mmoja akalalamika kwamba ng'ombe yule alikuwa mzito kuliko farasi. Mzee akamuuliza, "Kwani uzito ndio unaopumua?" Halafu akatueleza kwamba farasi ameumbwa kukimbia, na anayekimbia anahitaji mlango mpana, na tena kwamba ng'ombe akizibwa pua atafumbua mdomo apumue, lakini farasi njia hiyo hana. Pua ikishindwa, ameshindwa. Nilisikiliza kwa adabu, moyoni nikijisemea: Karagwe nitamkuta wapi farasi?

Nikarudishwa kwetu Karagwe, na kwa miaka mingi kweli sikumkuta. Nilitembea kwa miguu kutoka Igurwa hadi Bweranyange, kutoka Bweranyange hadi upande wa Kyerwa, nikichanja sotoka, nikikata kwato, nikiwatoboa ng'ombe waliovimba matumbo. Nilijifunza kwamba ukifika nyumbani kwa Mnyambo mwenye ng'ombe, unaulizia ng'ombe kwanza. Ukianza na mke na watoto anadhani umekuja kwa ubaya. Nilijifunza pia kwamba kwetu kila kitu kinapimwa kwa ng'ombe: shamba zuri, bibi harusi mzuri, hata mahubiri. Mzee Ishengoma alipostaafu alinitumia bikari yake ya shaba na ule uzi. Hakutuma salamu. Uzi wenyewe ulikuwa salamu.

Sasa nimfikie Bitegeko.

Bitegeko wa Kibingo alikuwa mchimbaji katika machimbo ya bati upande wa Kyerwa, mtu wa kifua kipana na maneno mengi. Mwamba ulimwangukia ukamponda mguu wa kulia. Mguu haukukatwa, lakini tangu siku ile ulikuwa mzigo wa kubeba tu. Misimu miwili alikaa kizingitini kwake, fimbo pembeni, akitazama watu wakipita kwenda mashambani. Kisha, vita vya pili vilipokwisha, bwana wa machimbo akafunga kazi arudi kwao, akagawa vitu vyake. Mmoja aliachiwa viti, mwingine saa iliyokwisha kufa, Bitegeko akaachiwa farasi. Watu walimcheka mno. Farasi haliwi, hakamuliwi, wala hatolewi mahari. Leokadia mkewe, Mkatoliki mwenye ulimi usiojua Kwaresima, aliuliza kama bwana yule hakuwa na hata mbuzi.

Lakini yule farasi akawa mguu wa Bitegeko. Alijifunza kumpanda kutoka juu ya kichuguu, na baada ya hapo hakukaa tena. Asubuhi yuko kwenye kahawa yake, mchana yuko mnadani, Jumapili yuko mlangoni mwa kanisa kabla ya katekista. Alimwita Gaju, jina la ng'ombe mwekundu, kwa kuwa hakujua farasi huitwaje. Naye Gaju kila alfajiri, Bitegeko akitokeza tu mlangoni, alilia kwa sauti ya kuamsha kilima kizima; majirani wakaacha kutegemea majogoo. Kitu kimoja tu kilisemwa vibaya: Bitegeko alisalimu watu akiwa juu ya farasi, hata wazee. "Shikamoo, baba," anasema toka huko juu, "nisamehe, nikishuka itabidi unibebe." Wazee walizoea, ila hawakupenda.

Siku moja nilikuwa nachanja ndama kilima cha pili, nikamwona Leokadia anakuja mbio, kanga kiunoni.

"Bwana Kamugisha, twende. Farasi anakoroma akiwa macho."

"Na Bitegeko?"

"Huyo hakoromi. Hajalala."

Nilimsikia Gaju kabla ya kumwona. Alisimama uani, shingo ameinyoosha mbele, matundu ya pua yamepanuka kama vikombe, na kila pumzi ilikwangua. Chini ya taya na nyuma yake tezi zilikuwa zimevimba na kuwa ngumu kama viazi vikuu. Wiki chache nyuma afisa mmoja aliyepita safari alilaza farasi wake mwenye mafua katika banda hilihili. Mgeni akaondoka, mafua yakabaki. Niliweka sikio shingoni. Juu, kwenye kongomeo, palikuwa na vita. Chini, kuelekea kifuani, hewa ile kidogo iliyofanikiwa kupita ilipita vizuri. Mapafu yalikuwa safi kabisa. Mnyama mzima anakufa kwa sababu ya mlango.

Nikawaeleza bila kuzunguka. Majipu yale yatapasuka yenyewe baada ya siku kadhaa, lakini Gaju hana hizo siku. Dawa ni kumfungulia njia nyingine chini ya uvimbe, katikati ya shingo, nimtie kibomba apumue humo mpaka ya juu ifunguke.

"Yaani umkate koo," alisema Leokadia.

"Nimtoboe koo."

"Kwetu mnyama akikatwa koo watu hutenga sufuria."

"Mama, farasi haliwi."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Mtamchinja bure."

Bitegeko hakucheka. Alikuwa ameshikilia manyoya ya shingo ya Gaju kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fimbo. Akanionyesha kizingiti kwa kidevu. "Kamugisha, nilikaa pale misimu miwili. Mchwa wa pale nilikuwa nawajua kwa sura. Watoto wangu walikuwa wananiruka kama gogo. Sirudi pale. Mkate."

Nikampima kama nilivyofundishwa, kidole gumba na cha shahada, bikari, mkunjo wa ngozi. Niliponyoosha uzi wa Mzee Ishengoma, kipimo kiliangukia juu ya fundo la farasi, karibu kabisa. Miaka yote ile fundo lile lilikuwa linangoja kazi.

Kibomba cha namna ile sikuwa nacho, wala hakikuwapo karibu. Lakini ng'ambo ya bonde alikuwapo Mzee Katunzi, mhunzi mwenye asili ya Bweranyange, wa ukoo uliofua vyuma tangu enzi za watawala wa zamani, na machimbo yalipofungwa alibaki na karakana. Nikampelekea uzi jioni ileile. Nikamweleza: bomba fupi la shaba, limepinda kama kiwiko, lina kola ili lisizame ndani, limepakwa bati lisishike kutu ya kijani, na mdomo wake ujae kutoka mwanzo wa uzi hadi fundo la mwisho, upungue kwa unene wa uzi mmoja wa kitambaa tu.

Aliutazama uzi kwa muda mrefu. "Huu ni wa mnyama gani?"

"Farasi, baba."

"Farasi wa Bitegeko? Yule mwembamba?"

"Ndiye."

"Haya, mwanangu. Nimeelewa."

Vijana, mzee wa Karagwe akiwaambia ameelewa, ombeni arudie.

Tulipatana anifuate Kibingo asubuhi. Lakini kulipopambazuka Gaju alikuwa ameanza kuyumba, ulimi umegeuka rangi ya zambarau, na goti lake la mbele liligusa ardhi akalinyanyua tena. Kumngoja mhunzi kungekuwa kungoja maiti. Nilikuwa na dawa ya ganzi kidogo niliyopewa na hospitali ya misheni. Leokadia alichemsha visu vyangu pamoja na vijiko vyake viwili vya mezani, ambavyo nilikuwa nimevikunja mipini ikawa kama ndoano. Aliviaga kwa huzuni, vilikuwa vya harusi.

Nilichagua mahali ambapo misuli ya shingo inaachana na pete zinaguswa chini ya ngozi. Ngozi nikaikata wima. Misuli nikaitenganisha kwa vidole, sikuikata. Kisha, kati ya pete na pete, nikapasua kwa kulala, bila kufika nusu ya mzunguko, kwa maana ukikata zaidi koo hubonyea baadaye na umemwokoa mnyama leo ili umuue mwakani. Hewa ikaingia kwa mlio kama gunia linapopasuka. Gaju akashtuka. Watu waliokuwa wamejaa uani wakarudi nyuma wakifanya ishara ya msalaba, Walutheri kwa Wakatoliki.

"Bitegeko, shika vijiko hivi. Vuta huku na huku, polepole. Ukiachia, tundu linajifunga."

Akaitupa fimbo chini, akashika.

Mzee Katunzi akafika wakati huohuo, kanzu safi, kibomba amekifunga katika leso. Kilikuwa kizuri ajabu, kinang'aa, kola yake ameizungushia nakshi. Nikakichovya katika maji yaliyochemka, nikakitia. Gaju akavuta hewa, kibomba kikapiga mluzi mwembamba, mbavu zikajikunja, miguu ya nyuma ikalegea. Nikakichomoa upesi, Bitegeko akarudisha vijiko, mnyama akasimama tena.

"Mzee, uzi wangu uko wapi?"

Akautoa mfukoni. Nikauweka juu ya mdomo wa kibomba. Fundo lilipita mbali.

"Baba, hiki ni kidogo kuliko kipimo."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikurekebishia, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, ya kunionea huruma. "Kipimo chako kiliteleza. Nikaenda kwa jirani walikochinja kwa ajili ya harusi, fahali mwenye pembe hizi," akanyoosha mikono yote miwili, "nikapima koo lake. Nikasema, hata kama farasi ni mnyama, hawezi kumpita ng'ombe! Nimekusitiri usije ukaaibika mbele za watu."

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwetu ngozi hiyo ni ya ng'ombe. Ningefanya nini? Nimkaripie mzee wa rika la baba yangu? Nami mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya jani la mgomba nikasema vilevile. Watu wote uani walikuwa wanatikisa vichwa kumwunga mkono. Ndiyo, kweli, nani ampite ng'ombe?

"Wazee wangu," alisema Bitegeko, jasho likimtiririka, "bishaneni kesho, mimi nimesimama."

Nikamwomba Mzee Katunzi anawe kwa sabuni, nikauongoza mkono wake. Vidole vyake vya kihunzi, vinene kama mihogo, viwili vikaingia katika tundu, vikazunguka ndani bila kugusa ukuta wa pili. Uso ukambadilika.

"Lo, waitu! Hili si koo, huu ni mlango wa zizi!"

Akachomoa vidole, akanyakua uzi, akashika kanzu yake kwa mbele, akaondoka mbio kushuka bondeni. Sijapata kumwona tena mzee wa umri ule akikimbia, na natumaini sitamwona.

Bitegeko akabaki amesimama. Kutoka hapo hadi karakana si karibu, na shaba haifuliwi kwa maneno. Jua lilipanda. Mguu mzima ulianza kumtetemeka, ule mbovu ukining'inia tu. Jirani mmoja akajitolea kumpokea. Aliposhika vijiko Gaju akarusha kichwa, damu ikatoka, Bitegeko akavirudisha mkononi mwake. Tukaleta kigoda, lakini akikaa hafiki. Nikamwambia nitavishika mimi. Akanitazama. "Wewe unashika shingo. Ukiiacha akageuka, nani atamtuliza? Kaa hapohapo."

"Utaanguka, Bitegeko."

"Huyu ananisimamia kila siku, mvua na jua. Siku moja zamu yangu, nishindwe?"

Ndipo Leokadia akatoka jikoni. Akaenda nyuma ya mumewe, akageuka, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wake, akakanyaga miguu ardhini kama mtu anayezuia mlango. Wakabaki hivyo, mgongo kwa mgongo, yeye akitazama jikoni, mumewe akitazama koo la farasi.

"Ningejua ni kazi hii," alisema baada ya muda, "ningekuletea nguzo ufunge nayo ndoa."

"Nguzo haipiki," alisema Bitegeko.

"Leo hata mimi sipiki."

Watu wakacheka, na niliona mabega ya Bitegeko yakishuka kidogo. Nasema wazi: nilikuwa nimeogopa. Nimewapoteza ng'ombe wengi na nikaenda kula chakula cha mchana. Lakini pale kila nilipotazama ule mguu unavyotetemeka nilikiona kile kizingiti nyuma yake, kinamngoja.

Jua lilikuwa limepita utosini Mzee Katunzi aliporudi, kanzu imeungua pindoni. Safari hii kibomba hakikuwa na nakshi. Nikaweka uzi juu ya mdomo: sawasawa. Nikakichemsha, nikakitia, kikakaa kama kidole katika pete. Gaju akavuta pumzi moja ndefu, isiyokwangua wala kupiga mluzi, mbavu zikapanda na kushuka, akaivuta nyingine. Kisha akainamisha kichwa, kwa mara ya kwanza tangu jana, akanusa majani. Bitegeko akateleza chini taratibu akiwa bado ameegemea mgongo wa mkewe, wakaketi wote wawili vumbini.

"Webare, Kamugisha," alisema, ahsante ya nyumbani. "Webare, mzee." Mzee Katunzi alikuwa anajipepea kwa leso. Akasema huyo si mnyama, ni bomba lililoota miguu.

Alfajiri ya pili yake Bitegeko alitokeza mlangoni, naye Gaju akamgeukia, akanyoosha shingo, akatikisa midomo. Pumzi ikatoka kwenye kibomba. Sauti haikutoka.

"Mbona halii?" Bitegeko aliniuliza, na nikaona kwamba jambo hili lilikuwa limemwingia kuliko damu ya jana. "Umemkata sauti?"

Nikamweleza. Sauti inatengenezwa juu, katika kongomeo, hewa inapopita hapo ikitoka. Sasa hewa inatokea chini kabla ya kufika. Sauti haikukatwa, imekosa upepo. Akaitikia, lakini kila alfajiri alikuwa akisimama mlangoni kwanza, akisikiliza.

Majipu yalipasuka kama nilivyosema. Leokadia alisafisha kibomba asubuhi na jioni kwa unyoya wa kuku na maji ya chumvi, akimtukana Gaju kwa upole wakati wote. Uvimbe uliposhuka, nikakiziba kibomba kwa kiganja nikamsikiliza akipumua kwa pua yake: safi. Nikakitoa. Tundu likaanza kujaa nyama toka ndani kwenda nje, likafunga polepole, nami nikalazimika kwenda Bweranyange kwa ng'ombe wanaoharisha.

Niliporudi kulikagua lile kovu, nililala kwa katekista wa Kibingo, na alfajiri niliamshwa na sauti. Mwanzo wake ulikuwa na mkwaruzo, kama bawaba kavu, halafu ikafunguka, ikapita juu ya migomba yote. Nikatoka nje na shuka. Katekista alikuwa tayari nje, anajifunga mkanda. "Tumerudi kukatizwa usingizi," alisema, "lakini Mungu asifiwe."

Kazi iliendelea miaka mingine mingi, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa sotoka, kupe na kubishana. Mzee Katunzi aliniletea kile kibomba cha kwanza, chenye nakshi, akasema siku nikipata ng'ombe mwenye shida ya koo kitamfaa. Alisema kweli: nimekitumia, na kilimkaa fahali barabara. Sasa kimo ndani ya begi alilochukua yule kijana wa juzi, pamoja na bikari na uzi. Asije akakata mafundo.

Siku ya kuniaga walikusanyika kwenye josho. Afisa alisimama kusoma hotuba ndefu kuhusu utumishi wangu, akayataja mambo ambayo mengine sikumbuki kuyafanya. Katikati ya sentensi, nyuma ya umati, ikapanda sauti yenye mkwaruzo mwanzoni. Afisa akanyamaza. Watu wote wakageuka. Alikuwa Gaju, amezeeka, mvi usoni, na juu yake Bitegeko, toka Kibingo hadi huku.

Wazee waliokaa mbele wakajiandaa kusalimiwa toka juu kama kawaida. Lakini Bitegeko alimsogeza Gaju kwenye ukingo wa josho, akajivuta, akashuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mtu akampelekea kiti. Akakisukuma kwa fimbo. "Shikamooni, wazee wangu. Kiti mpeni mwingine," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Kwa huyu nasimama."

Afisa akakohoa, akaendelea na hotuba, na bado ilikuwa na kurasa. Niliona mguu wa Bitegeko ukianza kutetemeka. Nikamwona Leokadia akitoka upande wa wanawake, naye mzee sasa, akipita mbele za watu bila haraka, akaenda nyuma ya mumewe, akageuka, akaweka mgongo wake kwenye mgongo wake. Hotuba iliyobaki sikuisikia.